DB50XG juu ya Sound Blaster 16: FM inalia, General MIDI kimya

mwana_tudor

Salaam wakuu. Mashine ni Pentium 133 yenye DOS 6.22. Kesi na madabodi ni za AT, lakini pawa saplai ni ya ATX, imeunganishwa kwa adapta. Kadi ya sauti ni Sound Blaster 16 CT2230, na kwenye pini zake 26 nimepachika Yamaha DB50XG, kadi ndogo ya muziki wa MIDI.

Milio ya bunduki na milango inatoka sawasawa. Muziki wa FM, ule wa Sound Blaster yenyewe, pia unatoka. Nikichagua General MIDI, muziki unaopigwa na DB50XG, kwenye setapu ya Doom, kimya kabisa. AUTOEXEC.BAT ina mstari huu:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6

Nianze kupima wapi kabla sijaamua kwamba DB50XG imekufa? Na swali la pili: husemwa Sound Blaster 16 huacha noti zikining'inia, yaani zikiendelea kulia bila kukoma, ukiweka kadi ndogo ya juu. Ni zote, au baadhi?

fundi_wa_kingorani

Waalaikum salaam ndugu. Usiihukumu DB50XG bado. Kadi za aina hii hazifi ovyo, tatizo huwa njiani.

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha itazame kwa tochi ilivyokaa. Pini 1 ya kadi kubwa lazima ikutane na tundu 1 la kadi ndogo, na kusiwe na pini inayochungulia nje upande wowote. Ikisogea jozi moja tu, pini 18 yenye volti 12 inaingia kwenye tundu la 16 au la 20, na 20 ni njia ya sauti ya kulia. Hapo ndipo kadi nzima huungua.

Ikiwa imekaa vizuri, itoe, washa mashine bila hiyo kadi ndogo, upime kwa mita. Ncha nyeusi shika bodi ya kesi. Pini 6, 10 na 14 zitoe +5. Pini 18 itoe +12. Pini 22 itoe -12. Ya 4 ndiyo inayoleta MIDI, 20 na 24 ni sauti kulia na kushoto, 26 ni riseti. Upande wa namba witiri karibu wote ni ardhi.

Tahadhari: pini zimeachana milimita 2.54 tu, na 18, 20, 22 ziko jirani kwenye safu moja. Ncha ya mita ikiteleza ikagusa 18 na 20 pamoja, umepeleka volti 12 kwenye njia ya sauti kwa mkono wako. Ifunge ncha tepu ya umeme mpaka ibaki milimita moja au mbili za chuma.

Tena kwa hewa yetu ya chumvi, angalia ukijani kwenye pini. Safisha kwa isopropili na mswaki mkavu. Surgical spirit ya dukani iache, baadhi zina mafuta yanayobaki kwenye pini.

irq_saba

Nyongeza kwa aliyoyasema fundi. Wengi wangekuambia ufungue SB16SET, programu ya kupanga sauti, upandishe MIDI. Kwako si hilo: kwenye Sound Blaster 16 kitelezi cha MIDI ndicho hicho hicho cha FM na cha kadi ya juu. FM inasikika, basi sauti iko juu ya kutosha.

Hakikisha jampa ya MPU (anwani ya kupitishia MIDI) kwenye kadi iko 330 kweli. P330 kwenye SET BLASTER ni tangazo tu kwa michezo, haibadilishi kitu kwenye chuma. Jampa ikiwa 300, mchezo unapeleka MIDI mahali ambapo hapana mtu. Na kama una kadi ya SCSI ya Adaptec AHA-1542, nayo huja ikiwa 330 kutoka kiwandani. Hamisha mojawapo.

Noti kuning'inia: si zote. Zenye ugonjwa ni zile ambazo DSP, chipu inayoendesha kadi, ni toleo 4.11, 4.12 na 4.13. Toleo 4.05 na 4.16 hazina. Soma maandishi juu ya chipu hiyo, CT1741, au kama kadi ndogo imeifunika, uliza kwa DEBUG ya DOS:

o 226 1
o 226 0
i 22a
o 22c e1
i 22a
i 22a

Jibu la kwanza liwe AA, maana yake DSP imeamka. La pili 04. La tatu ndilo lenyewe: 05 ni 4.05, 0B ni 4.11, 0C ni 4.12, 0D ni 4.13, na 10 ni 4.16, kwa sababu hizo ni namba za heksa.

mwana_tudor

Ahsanteni. Jampa iko 330, SCSI hakuna. DEBUG imetoa AA, 04, 0D. Pini 6, 10, 14 ni 5.0, pini 18 ni 11.9. Pini 22 ni sifuri.

fundi_wa_kingorani

Basi yakhe, mgonjwa wako ni huyo. Vikuza sauti vya DB50XG vinataka +12 na -12 pamoja. Sintesaiza inafanya kazi kwa 5 na noti inazipokea, ila sauti haina pa kutokea. Sound Blaster yenyewe inalia kama kawaida, ndiyo maana mtu hashuku umeme.

Fuata waya wa bluu, ndio wa -12. Kwenye plagi ya ATX ya pini 20 ni namba 12, kwenye ya pini 24 ni namba 14. Upande wa madabodi iko kwenye plagi ya P8. Pima pande zote mbili mashine ikiwa imewaka. Ikiwa ATX ina -12 na P8 haina, ni adapta: mara nyingi kile kichuma ndani ya plagi kimerudi nyuma. Zima, kisukume kwa sindano nene mpaka kibane. Ikiwa hata ATX haina, badilisha pawa saplai.

Waya mweupe wa -5 usikusumbue. Pawa saplai nyingi za karibuni hazina, na soketi ya pini 26 haiitumii. Lakini unaporudisha P8 na P9, waya nyeusi zikutane katikati, ukikosea hapo madabodi imekwenda. Na ukipewa pawa saplai ya mtumba yenye swichi nyekundu ya 115/230, itazame kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni 240.

irq_saba

0D ni 4.13, kwa hiyo ukishapata sauti, tarajia noti kukwama, hasa milio ya kidijitali na MIDI vikienda pamoja. Mimi nisingehangaika kutafuta dawa ya programu. Tafuta kadi ya ISA yenye Yamaha YMF719 na pini 26, upachike DB50XG huko. Kwa UNISOUND, programu ya DOS ya kuipangia kadi hiyo, ipe anwani ya sauti 240 na ya MPU 330, halafu Sound Blaster uirudishe jampa ya MPU 300. IRQ na DMA zisigongane: Sound Blaster ibaki IRQ 5 na DMA 1 na 5, Yamaha ipe IRQ 10 na DMA 0. Kebo ya milimita 3.5 kutoka laini-auti ya Yamaha hadi laini-ini ya Sound Blaster, na spika moja inatosha.

likoni_feri486

Nadandia hapo hapo: michezo ya Sierra ya mwisho wa miaka ya 1980, ile ya Roland MT-32, sintesaiza ya nje, itakwenda na mpango huo?

irq_saba

Ya zamani zaidi inataka MPU-401 ya hali ya akili (intelligent mode), na kadi hizi zote zina UART, hali rahisi, peke yake. Programu ya SoftMPU inaziba hilo, mradi EMM386, msimamizi wa kumbukumbu wa DOS, iwe imepakiwa kwenye CONFIG.SYS:

SOFTMPU /MPU:330 /SB:220 /IRQ:5

Mchezo utaanza na noti zitatoka, lakini ala zitakuwa siyo. Michezo hiyo hupeleka sauti zake yenyewe kwenye MT-32, na DB50XG haizielewi. Ngoma itakuja mahali pa filimbi. Kwa hiyo tumia DB50XG kwa General MIDI, na hiyo mingine ichezee AdLib mpaka upate MT-32 ya kweli.