Mrejesho: tuliwafungulia wageni chumba chetu cha kuchorea
Habari wapendwa. Niliuliza kama mimi na mume wangu tukaribishe wageni tunapochorea, nyumbani Rau, Moshi. Tumefanya! Mlioshauri tuweke picha ndogo za bei nafuu, asanteni sana, ndizo zilizotoka kwanza.

Ila watu walinogewa zaidi na kuona kazi ikifanyika. Mume wangu alichora twiga kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam miaka ya 1960. Mandhari kwanza, yakauke, ndipo mnyama, madoa mwisho. Mama jirani alisimama pale mpaka chai yake ikapoa.

Vyumba vya kulala tulifunga kwa funguo, madirisha wazi sababu ya harufu. Tutakaribisha tena, Mungu akipenda.