Mtaa wa bei nafuu ukitengenezwa, mpangaji abaki au ahame?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja ambayo mtaani kwetu imefikisha watu mahali pa kusalimiana kwa shingo upande. Imetangazwa kwamba tutawekewa lami, mitaro, taa za barabarani na kiwanja cha watoto kuchezea. Wenye nyumba wanapeana mikono. Sisi wapangaji tunatazamana, maana tunajua lami ikishakauka anayefuata ni dalali.

Kwa asiyewahi kuishi mtaa wa namna hii: unafuu wake unatokana na kasoro zake. Kodi iko chini kwa sababu mvua ikikolea maji yanavuka kizingiti, gari la taka linakuja likijisikia, na ukuta ni mwembamba kiasi kwamba unajua jirani ameamka saa ngapi na ameamka na hasira gani. Mita ya umeme ni moja, familia tano, na kila mwisho wa mwezi kuna kikao kisicho rasmi cha kumsaka mwenye pasi. Jokofu la chumba cha nne limeshazungumzwa mpaka limekuwa kama mpangaji wa sita.

Ila humo humo kuna mambo ambayo hayamo kwenye mkataba. Mama wa zamu ya usiku anamwacha mtoto kwa jirani na halipi hata senti. Aliyeachishwa kazi anapata fununu ya kibarua kabla hajamaliza kueleza alivyoachishwa. Wengi wetu tunakwenda kazini kwa miguu. Kodi ikipanda, anayehama anapakia kitanda na masufuria, hayo mengine yanabaki nyuma, na huko aendako anaanza kulipa nauli na kulipa mlezi. Kwa hiyo hata akipata chumba cha bei ile ile pembezoni mwa mji, ameshapandishiwa.

Si jambo geni. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliandika jinsi watu wa kipato cha kati walivyokuwa wakiingia mitaa ya wafanyakazi London, wakikarabati nyumba, na wenyeji wakitoka mmoja mmoja mpaka sura ya mtaa ikabadilika.

Wapo wapangaji wenzangu wanaosema tuukatae mradi. Siwaungi mkono. Mtu hawezi kulala na maji machafu ili kodi isipande. Ninachosema ni kwamba masharti yaandikwe kabla katapila halijashushwa. Tazameni San Juan, Puerto Rico, kando ya mfereji wa Martín Peña. Mfereji ulikuwa umeziba kwa taka na tope, mvua ikinyesha maji yake yanaingia majumbani. Wakazi waliona mapema kwamba ukizibuliwa, ardhi yao itakuwa kando ya maji katikati ya jiji, na watakaoifaidi si wao. Mwaka 2004 ikapitishwa sheria iliyowezesha ardhi kuwekwa chini ya amana ya jamii: ardhi haiuzwi, mkazi ana hati ya kukaa na nyumba yake, anaweza kuirithisha. Mwaka 2009 serikali iliichukua ile ardhi, wakapigana mpaka ikarudishwa 2013.

Hoja yangu ndiyo hiyo: sharti kwanza, lami baadaye. Karibuni.

Mwenye Nyumba Moja Tu

Mleta mada, unatuongelea kana kwamba sisi ni matajiri wa maghorofa. Nyumba yangu ina vyumba vitano, nakaa kimoja. Hiyo ndiyo pensheni yangu. Bomba likipasuka usiku anayegongewa mlango ni mimi. Mnataka kodi ikae pale pale, je, bei ya saruji nayo mmeishikilia?

Na mifano ipo upande wangu pia. Berlin waligandisha kodi kwa sheria mwaka 2020. Matangazo ya nyumba za kupanga yakapungua, na Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaitupa sheria yote kwa kuwa Berlin, ambayo ni jimbo, haikuwa na mamlaka ya kuitunga. Wapangaji waliokuwa wamefurahia punguzo wakajikuta wanadaiwa tofauti ya kodi. Furaha ya mwaka mmoja, deni.

St. Louis, Marekani, nako walijenga Pruitt-Igoe, majengo 33 ya watu wa kipato cha chini, na matengenezo yakategemea kodi za wapangaji hao hao. Wapangaji walipopungua, fedha ya kutengeneza lifti na mabomba ikakauka, na kuanzia 1972 majengo yakabomolewa. Kodi ndogo bila mfuko mwingine wa matengenezo ni kuiua nyumba polepole.

Mama wa Chumba cha Mwisho

Mimi kinachonikera ni huku kusifia shida. Mnasema ujirani, ujirani. Ujirani gani unapopanga foleni ya choo alfajiri na mtoto anaendesha? Mie jirani alinilelea mwanangu, ni kweli, namshukuru. Lakini alinilelea kwa sababu hakuna kituo cha kulelea watoto. Nipeni kituo, nipeni taa nirudi usiku bila kushika mawe mkononi. Anayeogopa lami nadhani harudi na zamu ya usiku.

Mpimaji

Naomba nimrekebishe mleta mada kidogo, kwa heshima. Wale wa Martín Peña wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, walichokosa ni hati ya ardhi. Wewe ni mpangaji kwenye kiwanja cha mtu binafsi. Amana ya ardhi itamlinda mwenye nyumba wako vizuri sana, wewe bado utaletewa barua ya kupandishiwa. Tena wao wenyewe, ardhi imekuwa salama lakini mfereji uliendelea kukaa umeziba miaka mingi baada ya sheria. Hilo nalo tulitaje.

Mimi naona mnagombania chumba kimoja watu wawili, wakati tatizo ni uchache wa vyumba. Vienna, Austria, walianza kutoza ushuru maalumu wa ujenzi wa nyumba mwaka 1923, uliowabana zaidi wenye majumba ya kifahari, wakajenga nyumba za manispaa. Leo manispaa ina nyumba zipatazo 220,000, zimetawanyika mpaka maeneo mazuri ya jiji. Singapore walianzisha bodi yao ya nyumba mwaka 1960 na sasa wakazi wengi, karibu 8 kati ya 10, wanaishi kwenye nyumba hizo. Mji ukiwa na nyumba za umma kwa wingi, mtaa mmoja ukiwekewa taa haugeuki almasi.

Mleta mada

Mpimaji, kuhusu amana umenibana, nakubali sharti la aina hiyo halimfikii mpangaji. Ila kuhusu Vienna, ndugu yangu, hiyo ni kazi ya miaka 100. Katapila linakuja mwezi ujao. Na hata huko kulikuwa na mlango: ili uombe nyumba ya manispaa, kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba uwe umeishi jijini kwenye anwani ile ile walau miaka 2. Mpangaji wa kuhamahama, yaani yule anayeihitaji kuliko wote, alibaki nje.

Mama, nimekuelewa. Hakuna anayekuomba ushike mawe kwa ajili ya kodi yangu.

Mzee Mwenye Nyumba, nakuja kwako. Thamani itakayoongezeka kwenye kiwanja chako hukuijenga wewe. Mtaro na taa vinalipiwa na fedha ya umma, na mimi nimo. Basi iwe hivi: nyumba itakayopitiwa na mradi iingie mkataba wa kupandisha kodi kwa kiwango kinachofuata mfumuko wa bei, kwa miaka kadhaa. Kisizidi hapo. Ukitaka kuwa huru, changia gharama ya mtaro unaopita mlangoni kwako.

Mwenye Nyumba Moja Tu

Kufuata mfumuko wa bei naweza kukaa chini tukaongea. Nisichokubali ni kuamuliwa na mtu asiyejua bei ya bati. Na nikikarabati choo kwa fedha yangu, hiyo ihesabiwe mbali.

Mama wa Chumba cha Mwisho

Choo kihesabiwe mbali, sawa, ila kwanza tukione.

Mpimaji

Swali kwa wote wawili. Mpangaji akihama kwa hiari, anayeingia anaanza na kodi ya zamani au bei mpya ya soko?

Mleta mada

Hapo hata sisi wapangaji hatujaelewana. Mimi nasema sharti lishike chumba, lisimshike mtu. Likimshika mtu, kila mpangaji wa siku nyingi anageuka hasara kwa mwenye nyumba, na visa vya kumtoa vitaanza: leo maji yamekatika, kesho mlango haufungi, keshokutwa mtoto wa mwenye nyumba anaoa na anakihitaji chumba. Wenzangu wanasema nikikaza hapo wenye nyumba watajitoa wote na mradi utakwama. Mwenye hoja ya kuvuka hapa ailete.