Mjadala: Timu za raga ya 13 nje ya ngome yake zikingwe, au ziachwe zipambane?

MLETA MADA (London)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo ambalo huku Uingereza linagombanisha watu kila msimu unapokaribia kuisha.

Kwa wasiojua, raga ziko mbili. Kuna ya wachezaji 15, ambayo Wakenya wanaicheza, na kuna ya wachezaji 13. Zilitengana tarehe 29 Agosti 1895 kwenye Hoteli ya George mjini Huddersfield. Vilabu vya kaskazini vilijitoa baada ya wakubwa wa mchezo kukataa wachezaji wafidiwe ujira wanaoukosa wakienda kucheza. Mchimba makaa aliyeacha zamu alirudi nyumbani mikono mitupu, wakati wakili wa kusini hakupungukiwa na kitu. Mpaka leo ngome ya raga ya 13 ni ukanda uleule wa viwanda na migodi: Wigan, St Helens, Warrington, Leeds, Wakefield, Castleford, hadi Hull.

Mimi siko huko. Niko London na timu yangu ni London Broncos. Nikisema hivyo naulizwa, "Una ndugu Wigan?" Mtu wa Mwanza haulizwi kwa nini ni Yanga, wala wa Kariakoo haulizwi kwa nini Arsenal ikifungwa yeye hali chakula. Ila raga ya 13, kama hukuzaliwa kwao, unatazamwa kama mtu aliyejipenyeza kwenye picha ya ukoo wa watu.

Kilichonivuta ni mchezo wenyewe. Jamaa anakimbia na mpira, anakabwa na watatu, unasikia vifua vikigongana hadi jukwaani. Anaangushwa, wanamwachia, anasimama, anaweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa unyayo, mwenzake anauokota na kazi inaendelea. Mnakabwa mara sita tu, kisha mpira ni wa wapinzani, kwa hiyo baada ya mara ya tano wengi wanaupiga teke mbali. Hakuna foleni ya kurushiwa mpira kutoka pembeni, hakuna kulaliana kwenye rundo. Mgeni anauelewa kabla ya mapumziko.

Tatizo ni klabu. Ilianza 1980 kwa jina la Fulham, uwanja ukiwa Craven Cottage, na mechi ya kwanza kabisa ikaipiga Wigan. Baada ya hapo ikaitwa London Crusaders, ikaitwa London Broncos, ikaitwa Harlequins, ikarudi Broncos. Imecheza Crystal Palace, Charlton, Twickenham, Barnet, Ealing, sasa iko Wimbledon. Anayejua jiji hili ataelewa: kutoka Charlton mpaka Barnet ni safari ya kuvuka London nzima. Mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake kwenda Charlton, timu ikihamia Barnet ndiyo basi tena.

Mwaka 2023 tukapanda daraja kwa kuifunga Toulouse ya Ufaransa kwao kwenye fainali. Furaha haikumaliza hata mwezi. Kulikuwa na mfumo mpya wa kuamua nani acheze ligi kuu kwa kuzipa klabu alama kati ya 20, kwa kuangalia mashabiki, matokeo, fedha, uwanja na jamii inayoizunguka klabu. Orodha ya majaribio ilipotoka tukawa wa 24, na nafasi zilikuwa 12 tu. Yaani msimu wote wa 2024 tulicheza Super League, yaani hiyo ligi kuu, tukijua tunashuka.

Hoja yangu: timu ya nje ya ngome ikingwe isishushwe kwa miaka kumi hivi, na ikae uwanja mmoja. Catalans Dragons wa Perpignan, Ufaransa, waliingia 2006 wakapewa kinga ya miaka mitatu. Mwaka 2018 wakabeba Kombe la Challenge, lile la mtoano, pale Wembley, klabu ya kwanza isiyo ya Uingereza kulichukua, na 2021 wakaongoza ligi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naomba kuwasilisha.

NESI WA WAKEFIELD

Mgeni alikuja, mwenyeji akashushwa daraja.

Mleta mada umeruka ukurasa. Msimu huohuo wa 2006 Catalans walimaliza mkiani, wa 12. Castleford walikuwa wa 11. Aliyeshuka ni nani? Castleford.

Mimi nafanya kazi huku na wenzangu wengi wodini wanatoka Castleford. Uwanja wao wa Wheldon Road ni mkuukuu kweli, mabati na matofali, na siku ya mechi watu wanatoka milangoni mwao na kwenda kwa miguu. Mgodi mkubwa wa mwisho wa makaa wa chini ya ardhi nchini, Kellingley, ulikuwa hapo jirani, ukafungwa Desemba 2015. Viwanda vimeondoka, maduka yameondoka. Kilichobaki kinachotajwa kwenye redio ya taifa kwa jina la mji ule ni timu. Unapowaambia wapishe mgeni kwa miaka kumi, wewe utawapa nini?

Na Featherstone je? Mji mdogo mno, walibeba Kombe la Challenge 1983, lakini Super League hawajawahi kuionja. Mara mbili wamefika mlangoni, mara mbili wamezuiwa na wageni: Toronto 2019, Toulouse 2021.

TORONTO MAGHARIBI

Dada, hapo kwa Featherstone utusamehe. Walifungwa uwanjani, 24 kwa 6, hawakufungwa kikaoni. Nilikuwepo Lamport Stadium, uwanja wetu, siku hiyo ya 2019, karibu watu 10,000, na sidhani kama mmoja kati ya ishirini alijua raga ya 13 ni nini miaka mitatu kabla. Wajamaika, Waitaliano, Wapunjabi, sisi wa Pwani na bendera yetu moja. Jirani yangu wa jukwaani alikuwa bado anauliza kwa nini wanauviringisha mpira kwa mguu.

Toronto Wolfpack ilianzia daraja la chini kabisa, 2017. Wala hatukupewa kinga. Klabu ndiyo ilikuwa inalipia ndege na malazi ya timu zinazotoka Uingereza kuja kucheza nasi, na mgao wa pesa za televisheni haikupata. Ikapanda, ikapanda tena, ikamsajili Sonny Bill Williams, nyota wa New Zealand, kwa msimu wa 2020. Ikaja korona, mipaka ikafungwa, Julai timu ikajitoa. Novemba vilabu vikapiga kura kama turudi mwaka unaofuata: nane hapana, nne ndiyo.

Nitasema na upande wa pili, maana sipendi ushabiki wa kufumba macho: timu ilitegemea mfuko wa tajiri mmoja, na mfuko uliponyauka wachezaji wakakaa bila mishahara. Hilo ni kosa letu. Lakini basi mtu angesema "rudini daraja la chini mjipange". Sisi tuliambiwa, kwa maneno ya kistaarabu, kwamba soko la Kanada halina faida kwao. Shabiki wa nje ya ngome anakaribishwa tiketi zikiwa zinauzwa, siku ya kura hana ndugu kikaoni.

MWANA MBARALI

Toronto, pole mkuu. Sisi tulikuwa na Ihefu. Novemba 2022 pale Highland Estates, Ubaruku, Yanga alikuja na rekodi ya mechi 49 bila kufungwa, akalala 2-1. Mwaka 2024 timu ikawa Singida Black Stars, makazi Singida. Watu wanatuambia, "Si bado ipo Ligi Kuu?" Ipo, ila siyo yetu.

MZEE WA NGONG ROAD

Vijana, mimi ni wa raga ya 15 na ya wachezaji saba, nimezeekea kwenye majukwaa haya. Nasoma hapa najiuliza mnalilia nini.

Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, walichukua kombe la Singapore 2016, Fiji wakalambishwa 30 kwa 7. Mwaka 2023 hao hao Shujaa wakashuka daraja kwenye msururu wa dunia. Je, kuna aliyesema Kenya ikingwe kwa sababu ni nchi changa kiraga? Hakuna. Walikwenda kuhangaika kwenye ligi ya chini, 2024 wakarudi. Na mashabiki hawakwenda kokote, kwa sababu wale ni vijana wetu. Unamjua mtu aliyesoma naye, unajua mtaa aliokulia.

Shabiki hafugwi kwa kanuni. Weka vijana wa mtaa uwanjani, watu watakuja. London yenu ina vijana wangapi wa London? Au mnaokoteza wa Australia waliomaliza soko?

MLETA MADA (London)

Mzee, shikamoo. Swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Martin Offiah ni mtoto wa London, wazazi wake Wanaijeria. Raga ya 13 haikuwa mtaani kwake, alijifunzia ya 15, na Widnes, klabu ya kaskazini, ndio waliomchukua 1987. Akaja Wigan, akafunga trai moja (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) Wembley 1994 dhidi ya Leeds akianzia karibu na mstari wa Wigan wenyewe, uwanja mzima, watu wanaisimulia hadi kesho. Amemaliza na trai zaidi ya 500.

Billy Boston alizaliwa Cardiff, kule bandarini, baba yake mtu wa Sierra Leone. Raga ya 15 ya Wales wakati ule haikuwa na haraka ya kumvalisha mtu mweusi jezi ya taifa. Wigan wakamsajili 1953, akawafungia trai 478. Mwaka 2025 amepewa cheo cha Sir, mchezaji wa kwanza wa raga ya 13 kukipata. Clive Sullivan naye wa Cardiff. 1972 alikuwa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia, na leo barabara kuu ya kuingilia Hull ina jina lake.

Nje ya Wembley kuna sanamu ya magwiji watano wa mchezo huu. Boston yumo, Offiah yumo. Ngome imekula matunda ya watu wa nje kwa miaka mia na ushee. Mchezaji mmoja mmoja wanampokea, wanampa hata barabara. Timu nzima ikija kutoka hukohuko, ndipo inaulizwa kwao wapi.

Kuhusu Shujaa: wao walipangiwa mlango wa kurudia, na walicheza wakijua mlango uko wapi. Broncos 2024 hata wangeshinda mechi nyingi kuliko walizoshinda, alama za uwanja na fedha zingewashusha vilevile. Hapo ndipo pananiuma.

KIJANA WA FOOTSCRAY

Naongea kutoka Melbourne, na huku ni jiji la mpira wa Australia wenye goli la nguzo nne. Melbourne Storm ililetwa 1998 na pesa za kampuni ya habari, ikabeba ubingwa 1999, msimu wa pili tu. Vikombe vikawaleta watu. Baadhi ya majirani zangu walianza kwenda uwanjani bila kujua hata sheria.

Lakini mleta mada usije ukatutumia kama mfano safi. Mwaka 2010 ilibainika klabu ilikuwa na mahesabu ya aina mbili, ikawalipa wachezaji zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Ubingwa wa 2007 na 2009 ukafutwa, msimu ule ikacheza bila kuhesabiwa pointi. Nilitarajia watu watarudi kwenye mchezo wao wa zamani. Hawakurudi, wakaendelea kujaza viti kuangalia mechi zisizo na maana kwenye msimamo.

Kwa hiyo mimi nasema si kinga ya kutoshuka. Kule kwetu hakuna kushuka daraja kabisa. Ni pesa ya kusubiri, na uwanja usiohamahama.

MPITA NJIA

Na Las Vegas nayo mnaihesabu? Machi 2024 watu zaidi ya 40,000 walifika uwanjani kuangalia mechi mbili za ligi ya Australia.

KIJANA WA FOOTSCRAY

Wengi jukwaani walitoka huku kwetu, mkuu. Wamekwenda kutalii na jezi.

NESI WA WAKEFIELD

Mleta mada, ya Boston na Offiah nimekubali, tena hapa wodini wazee wakimtaja Boston utafikiri alizaliwa mtaa wa pili. Lakini angalia: hao walikuja wakawa wa hapa. Walipanga nyumba, walinunua mkate duka lilelile. Timu ya Perpignan haiwezi kuwa ya hapa na haitakiwi iwe. Ni kitu kingine.

Halafu hiyo hesabu ya alama unayoilalamikia inawakaba wa kwetu pia. Uwanja mkuukuu alama chache, mji mdogo alama chache. Castleford na London wanaumizwa na kipimo kimoja, ila mmeamua kugombana nyinyi kwa nyinyi.

TORONTO MAGHARIBI

Hapo umenena, dada.

MLETA MADA (London)

Naomba nilegeze kamba kidogo. Kinga ya mmoja isiwe kwa kumshusha mwingine, hilo la 2006 halikuwa haki kwa Castleford na sitalitetea. Lakini angalieni msimu wa 2026: Super League imetoka timu 12 kwenda 14. Bradford na York wamo, Toulouse wamo pamoja na Catalans, na Castleford wamo vilevile. London waliomba, hawakuchaguliwa, na bado nasema njia hiyo ni bora. Ukitaka mgeni aingie, ongeza nafasi. Ila mkishamwingiza mwacheni akae, msimhesabie alama kila Oktoba kama mtoto wa shule.

NESI WA WAKEFIELD

Sawa, nafasi zimeongezwa. Na pesa za televisheni, zilizokuwa zinagawanywa kwa 12, sasa wa 13 na wa 14 wanalipwa kutoka fungu gani? Ukinijibu hilo nitakuja Wimbledon na skafu ya Castleford, tukae jukwaa moja.