Mtoto anaanza kula: mtori, unga wa lishe au viazi lishe? (Moshi)

Mama Kiborloni
Habari za leo wapendwa. Naombeni mawazo yenu. Mwanangu wa kwanza ananyonya tu, hajaonja kitu kingine chochote, na sasa wakati wa kumwanzishia chakula umefika. Jumamosi nashuka soko la Mbuyuni kununua vitu na bado sijaamua. Mama yangu mzazi anasema mtori wa mshare ndio uliotukuza sote nyumbani. Mama mkwe anataka uji wa unga wa lishe wa mchanganyiko: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, vyote pamoja. Jirani yangu alianza na viazi lishe na parachichi, na mtoto wake kanawiri. Kuna blenda pia nimeiona dukani, sijui ninunue au mwiko na chujio vinatosha. Ninyi mngeanza na kipi?

Mama Wawili, Njiro
Hongera mpendwa. Lakini mbona hujataja mtoto ana miezi mingapi? Hilo ndilo la kwanza. Anakaa? Shingo imekaza? Alizaliwa kwa wakati wake? Na mchana anabaki na nani? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia chakula cha mwanawe, siyo cha mwanao.

Mchagga wa Machame
Mtori, hakuna mjadala. Ndizi mshare, nyama laini isiyo na mafuta mengi, chemsha mpaka vyote vilegee, ponda kwa mwiko, pitisha kwenye chujio. Usiweke chumvi, na magadi usiyaguse kabisa kwa mtoto. Watoto wangu wote watatu wameanzia hapo.

Baba Pacha, Sakina
Kaka, mtori naukubali, shida ni jinsi unavyopikwa majumbani. Nyama inachemshwa, mtoto anapewa supu na ndizi, halafu nyama yenyewe wanakula wakubwa. Ile supu inanukia vizuri lakini protini na madini ya chuma vimebaki kwenye nyama. Kama hutaisaga nyama ikaingia kwenye chakula, huo ni ndizi tupu. Pacha wetu walianza na maini ya kuku yaliyopondwa na boga. Mtoto akifika miezi sita akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua, na maziwa ya mama hayana chuma cha kumtosha tena. Kwa hiyo nyama, maini, samaki na mayai havisubiri mwaka.

Mchagga wa Machame
Kwetu nyama inapondwa humohumo. Usiwaseme watu ambao hujala kwao.

Baba Pacha, Sakina
Sijamsema mtu, ndugu yangu. Nazungumzia nilichokiona nyumba nyingi, hata kwetu.

Mama Kiborloni
Asanteni, samahani kwa kutoeleza. Ana miezi mitano na wiki mbili. Alizaliwa wiki tano kabla ya tarehe. Anakaa akiegeshwa, na tukila anafuata mkono kwa macho. Mimi ni fundi cherehani, asubuhi niko naye, mchana anabaki na dada wa kazi na maziwa niliyokamua. Friji hatuna.

Muuguzi wa Watoto
Wiki tano kabla! Dada, hili lilipaswa kutangulia mtori na unga wote. Watoto wanaozaliwa mapema huja na akiba ndogo ya chuma, kwa sababu akiba hiyo hujazwa zaidi wiki za mwisho za ujauzito. Kabla ya Jumamosi nenda kliniki na kadi yake, uliza kama anahitaji dawa ya matone ya kuongeza chuma, na uliza, kwa kuwa alizaliwa mapema, aanze lini. Usikisie kwa kuangalia tu kwamba anafuata mkono.

Kwa kawaida ni miezi sita kamili ya maziwa ya mama peke yake, kisha chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza taratibu mpaka nusu ya kikombe cha robo lita kila mlo. Uzito wa chakula ndio watu wanakosea: kikae juu ya kijiko, kisitiririke. Uji mwepesi unajaza tumbo maji. Asali hapana mpaka apite mwaka mmoja, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza mwili kwa watoto wachanga. Chai hapana, inazuia chuma kuingia mwilini. Na kwa kuwa hamna friji, dada apike kidogo kila mlo, kilichobaki asikihifadhi kumpa jioni.

Mama Ngarenaro
Mimi naomba niseme kuhusu unga wa lishe, na nitaandika kwa kirefu kwa sababu bado unaniuma. Mtoto wangu wa pili nilimnunulia unga kwenye duka moja la mjini, pakiti safi, imeandikwa virutubisho vingi, tarehe ya kusagwa haipo. Siku za mwanzo alikula vizuri. Baadaye akaanza kufunga mdomo, anageuza uso, akilazimishwa anatapika. Nyumbani wakasema meno yanaota. Akaanza kuharisha, ikaacha, ikarudi. Kliniki mstari wa uzito kwenye kadi ukalala, na mwezi uliofuata ukalala tena. Nilirudi dukani kuuliza, nikaambiwa hiyo ni harufu ya soya, ndivyo ilivyo.

Mama mkwe alipokuja kututembelea akaonja ule uji kabla ya kumpa mjukuu, akautema. Una uchungu unaobaki kooni! Alimwaga unga kwenye ungo, akanusa, akasema karanga hizi zimeharibika. Tuliacha siku hiyohiyo na mtoto akarudi kula, lakini kurudisha ule uzito kulitugharimu muda mrefu na machozi. Karanga na soya zina mafuta, ukizisaga na nafaka na kuweka wiki nyingi zinachacha. Na karanga au mahindi yenye ukungu ni hatari nyingine kabisa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Sasa nasaga ulezi peke yake kidogo kidogo, naupembua na kuuosha mwenyewe na kuuanika ukauke kweli. Karanga naikaanga na kuitwanga siku ya kupika.

Mama Wawili, Njiro
Pole sana dada. Halafu watu waangalie: mahindi, ulezi, mtama na mchele ni kundi lilelile la wanga. Kuweka vinne pamoja siyo lishe mara nne. Na akidhurika hutajua ni kipi kilichomdhuru.

Bibi wa Rombo
Wanangu, nawasoma. Uji mzito mtoto anashindwa kumeza, mwepesi haumshibishi. Sisi tulikuwa na kimea cha ulezi. Loweka ulezi, uoteshe, uanike, usage. Pika uji mzito, epua, ukipoa kidogo weka kijiko cha kimea ukoroge. Utauona unalainika wenyewe bila kuongeza maji, kisha urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Watu wanakijua kimea kwenye pombe ya mbege tu, wamesahau kwamba kinafaa uji wa mtoto.

Mama Ngarenaro
Shikamoo bibi. Hili nalifanya wiki hii.

Bibi wa Rombo
Marahaba mwanangu. Usiache kuchambua wenye ukungu wakati unaota.

Baba Pacha, Sakina
Viazi lishe vya rangi ya chungwa mnavisahau. Vina vitamini A nyingi, vinapondeka kwa uma, na parachichi juu yake linaongeza mafuta. Blenda usinunue. Ikilainisha kila kitu kama maji, mtoto anafika miezi tisa hajui kutafuna.

Mama Wawili, Njiro
Blenda siyo adui, ni namna ya kuitumia. Mimi nasaga nyama tu, kwa sababu nyuzi za nyama ndizo zinazompalia mtoto. Vingine naponda.

Upendo wa Usa
Samahani kuingilia. Wote mnasema pika uji, mbona hakuna aliyezungumzia maji? Huku kwetu Usa River na Maji ya Chai maji yana madini ya floraidi nyingi, watoto meno yanakuwa ya kahawia. Mimi nachemsha sana maji ya mwanangu, inatosha?

Muuguzi wa Watoto
Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwenye sufuria ndiyo kwanza inakolea. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji hayo, kwa hiyo mtoto anaanza kuipata nyingi siku ya kwanza ya uji. Meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi miaka hii ya mwanzo. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa kama wanavyofanya kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto.

Mchagga wa Machame
Ndiyo maana nilisema magadi hapana. Nayo yana floraidi.

Upendo wa Usa
Maji ya mvua tunavuna, ila bati letu ni la zamani na lina rangi inayobanduka. Yanafaa kweli kwa mtoto?

Mama Kiborloni
Kesho asubuhi naenda kliniki kuulizia hayo matone. Mama mkwe nimemsomea habari ya karanga, amenuna kidogo, anasema unga wake anausaga mwenyewe. Wa Moshi, dagaa wasio na mchanga mnanunua upande gani, Mbuyuni au Soko Kuu? Na wanasagwa na vichwa au vinatolewa?

Baba Pacha, Sakina
Vichwa toa, vina uchungu. Osha kwa maji ya moto, anika, kisha saga.

Mchagga wa Machame
Vichwa acha, ndipo kuna madini.