KQ (Kenya Airways) iuzwe, irudi kwa serikali ama iachwe hivyo ilivyo? Watu wa ziwa na wa Bonde changieni

Jirani wa Dunga
Wadau naomba tuongee juu ya KQ bila matusi. Hesabu ya 2024 ilikuwa faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa miaka 11, tukapiga makofi. Alafu nusu ya kwanza ya 2025 ikaja na hasara ya bilioni 12.2, na sababu moja kubwa ni ndege 3 kubwa za Dreamliner zilikaa chini bila injini, na ziko 9 tu zote, hiyo ni theluthi. Sasa serikali inatafuta mwekezaji mwenye pesa. Swali: apewe asilimia ngapi, na akishaingia ruti gani zibaki? Mimi nasema hata akija nani asiguse za nyumbani, juu deni la hizo ndege lilidhaminiwa na serikali, yaani mimi na wewe.

Msee wa Lanet
Uza yote. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, waliingia 1996 na asilimia 26, kampuni ikapaa miaka na miaka, kila mtu anajua. Na ukitaka kuponya mgonjwa unaanza na hiyo ruti ya Kisumu, dakika arobaini na kitu hewani, wanaopanda ni waheshimiwa wakienda matanga Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Hiyo ndege ipelekwe mahali kuna biashara.

Odhis Tom Mboya
KLM walikuwa ndani omera! Hasara ya bilioni 25.7 ya mwaka ulioisha Machi 2015, na ile ya 26.2 iliyofuata, KLM walikuwa wameketi kwa bodi wanakunywa chai. Ule mpango wa Mawingu wa kufikisha ndege mia na kitu kufika 2021 uliandikwa wakiwa hapo. Usituletee hadithi ya mzungu mwokozi.

Mama Kondele
Wewe wa Lanet, mimi sio mheshimiwa. Nauza samaki Jubilee Market. Mathe alipigwa na stroki, daktari akasema apelekwe Nairobi na asipitie barabara, masaa saba nane ya matuta hawezi kuyamaliza. Wamama wa chama chetu walitoa pesa usiku huo huo, wengine mtaji wa omena ya kesho yake, tukalipa tiketi tatu, asubuhi tukapanda. Kwa hiyo ndege kulikuwa na mtoto wa bandeji kichwani na mzee anaenda kusafishwa figo. Matanga iko wapi hapo? Ukiongea juu ya Kisumu ongea ukijua.

Jirani wa Dunga
Pole mama. Hiyo ndio sababu nilisema za nyumbani zisiguswe. Sasa turudi kwa asilimia.

Msee wa Lanet
Mama pole kabisa kwa mzazi. Lakini mgonjwa mmoja hajazi ndege ya viti 96 kila siku, hiyo ni hesabu tu. Hiyo kazi wachie Jambojet na zile ndege zake za panga, zinakula mafuta kidogo. Si Jambojet ni ya KQ asilimia mia tangu 2014? Ya nini kampuni moja kujishindania?

Odhis Tom Mboya
Mtu wa Nakuru, watu ambao hawajawahi kuona ndege ya abiria ikitua kwao ndio anatufundisha ruti. Jengeni uwanja kwanza alafu mje.

Nyar Gem
Hapo umemweza 😂

Mkulima Subukia
Hiyo ni dharau na naijibu. Naivasha iko kaunti gani? Maua yanayojaza tumbo la ndege pale JKIA Nairobi usiku yanatoka kwetu, yanateremka na lori kila jioni ya Mungu. Valentine ikifika ndege za mizigo zinapanga foleni kungojea Nakuru. Hatuna uwanja lakini ndio tunabeba hiyo biashara. Nyinyi mmepewa njia ya kutua ya kilomita 3.3, mkaitwa uwanja wa kimataifa, mnapeleka nini nje? Nitajie kitu kimoja kinachopanda hapo kwenda ng'ambo.

Odhis Tom Mboya
Samaki, mbuta.

Mkulima Subukia
Mbuta inapandia Nairobi kama maua yetu, usinicheze. Inatoka kiwandani Kisumu kwa lori la barafu.

Mama Kondele
Hapo amesema ukweli, Odhis usibishe. Minofu inapita barabara ile ile. Lori likikwama Mau Summit barafu inayeyuka na sisi huku chini bei yetu inashuka, juu kiwanda kinakata hasara yake kwa mvuvi. Nimeona na macho.

Kiptoo Uasin Gishu
Eldoret tuko na kilomita 3.5 tangu 1997 na ndege za mizigo zinatua kutoka nje. Zinaleta nguo na simu, mzigo unapakiwa kwa lori kwenda Nairobi, alafu nyingi zinaondoka Eldoret tumbo tupu. Mahindi, maziwa, parachichi, yote yako hapa. Kwa hivyo sio uwanja mnakosa, mnakosa mtu wa kupanga mzigo.

Mwalimu Mstaafu, Lurambi
Vijana, swali lilikuwa la umiliki, mmelikimbia. Mnaongea kama kampuni ni ya KLM. Baada ya 2017 madeni yalipogeuzwa kuwa hisa, serikali ilibaki na 48.9, benki za hapa kwetu zikapata 38.1 kupitia kampuni moja waliyounda, KLM akashuka hadi 7.8, wafanyakazi 2.4, na sisi wengine wote tukabanwa kwa 2.8. Hao wengine wote ni watu wengi wadogo wadogo, wakiwemo walionunua 1996 kwa shilingi 11.25 hisa moja, na kati yao walimu wa Kakamega wengi sana. Mimi bado niko na zangu. Kwa hivyo mnaposema uza, mnauza ya nani?

Nyar Gem
Mwalimu si hata hizo hisa zilifungiwa soko, bado zina maana?

Mwalimu Mstaafu, Lurambi
Zilisimamishwa Julai 2020 wakati bunge lilitaka kuitaifisha, zikafunguliwa Januari 2025 ule mpango wa kutaifisha ulipoachwa. Zina maana. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba hata chumba kikiwa kidogo.

Msee wa Lanet
Kutaifisha ndio balaa yenyewe. Nitajie shirika moja la serikali hapa linaingiza pesa.

Kiptoo Uasin Gishu
Ethiopian ni ya serikali asilimia mia, iko na ndege zaidi ya 140. Hapo mlango wa pili tu.

Msee wa Lanet
Ethiopia sio Kenya. Kule waziri hapigi simu shemeji yake aajiriwe.

Kiptoo Uasin Gishu
Kwa hivyo tatizo ni simu, sio serikali. Umejijibu.

Odhis Tom Mboya
Na hakuna anaongea juu ya 2016. Nafasi ya kutua Heathrow, London, asubuhi iliuzwa kwa Oman Air, dola milioni 75, na zile ndege kubwa za Boeing 777 zikakodishwa kwa Waturuki. Nafasi ya Heathrow hairudi ukiuza, ni kama shamba la babu. Alafu 2018 tukafungua New York, masaa 15 moja kwa moja, na hizo hizo Dreamliner 9. Ndege mbili zikiugua, wa New York na wa London wote wanalala uwanjani. Mimi ningekata New York hadi injini zirudi.

Nyar Gem
New York usiguse tafadhali. Dadangu ni nesi New Jersey na analeta watoto wake wawili wadogo kila Desemba. Kubadilisha ndege mara mbili na watoto usiku unajua ni nini? Na hao ndio wanatuma pesa inayojenga Siaya.

Odhis Tom Mboya
Dadako mmoja na wangapi tena?

Nyar Gem
Usiniongelee dada hivyo. Kama mama wa Kondele anahesabiwa, na dadangu anahesabiwa.

Mkulima Subukia
Bado sijaombwa msamaha kuhusu Nakuru.

Odhis Tom Mboya
Sawa mzee, maua nimeyakubali. Uwanja bado hamna.

Msee wa Lanet
Mama Kondele, lile neno la waheshimiwa nimerudisha, nilikosea. La kukata ruti bado nasimama nalo. Mathe anaendeleaje?

Mama Kondele
Anatembea na fimbo, asante kuuliza. Na mimi bado nasema ndege isikatwe, iongezewe chumba cha baridi hapo Kisumu mbuta ipandie hapa. Nani anajua chumba kama hicho kinajengwa na kaunti ama na wenye viwanja vya ndege?

Kiptoo Uasin Gishu
Wenye viwanja, nadhani. Lakini kaunti ikitoa pesa hakuna wa kukataa.

Mwalimu Mstaafu, Lurambi
Nauliza mara ya pili. Benki ziko na 38.1. Mwekezaji akija na pesa zake, benki zitatoka kwanza na chao sisi wa 2.8 tukibaki tunabanwa tena, ama sote tunapunguzwa sawa? Nani anajua, anijibu.