Naombeni ushauri: picha aliyoacha babu wa mume wangu, nahisi iliporwa vitani

Bint Salum:
Wakuu habari zenu. Nipo Ujerumani, nimeolewa huku. Baba mkwe alifariki, sasa tunagawana vitu vya nyumba. Kuna picha ya rangi za mafuta, mto na miti, imetundikwa sebuleni tangu mume wangu mtoto. Tulipoishusha nikaigeuza, nyuma kuna lebo imechanika nusu, jina la duka la picha la Paris, na kwenye ubao wa fremu kuna herufi mbili na namba kwa wino mweusi. Babu wa mume alikuwa mwanajeshi wa Ujerumani huko Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Risiti hakuna, na nikiuliza aliipata wapi naambiwa mambo ya zamani hayo.

Mawifi wanataka iuzwe haraka tugawane. Mume yuko katikati. Mimi roho inakataa kabisa, nawaza kuna familia ya Kiyahudi ilitolewa kwao ikapakiwa kwenye treni halafu sisi tunanywa chai chini ya picha yao. Naanzia wapi? Na tunaweza kunyang'anywa au kushtakiwa?

Mkutubi:
Dada, cha kwanza usiisafishe na usibadilishe fremu, huko nyuma ndiko kwenye ushahidi. Piga picha kila lebo, kila namba, pima urefu na upana.

Kikosi cha Rosenberg, kiongozi wa Wanazi wa Hitler, wengi wanakiita ERR, ndicho kilichopora picha za Wayahudi Ufaransa na kuzipitisha Jeu de Paume, jumba la makumbusho pale Paris. Walikuwa wanaandika kila kitu, mali ya kila familia inapewa herufi zake na namba, R kwa mfano ni Rothschild. Na kuna mama alifanya kazi humohumo, Rose Valland, alikuwa ananakili kwa siri kinachoondoka na kinakopelekwa, wangemkamata wangemuua. Mama yule namheshimu sana. Rekodi za Jeu de Paume sasa ziko mtandaoni, vitu zaidi ya 20,000, tafuta hizo herufi zako humo.

Ukikosa usiseme basi ni safi. Kulikuwa na zoezi waliloliita M-Aktion, walikomba nyumba kama 70,000 za Wayahudi waliokimbia au waliopelekwa makambini, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, makabati, vitanda, mpaka vijiko, vingi vikaishia kwa raia Ujerumani. Kwahiyo angalia pia Lost Art, orodha ya mtandaoni ya kituo cha Magdeburg, hapo Ujerumani, kinachoshughulikia mali zilizoporwa na Wanazi, warithi wanaandikisha humo wanachokitafuta.

Kamugisha L:
Tusimhukumu marehemu, labda alinunua kihalali mnadani.

Wakili Mtaa wa Pili:
Mkuu hata mnadani bado kuna tatizo. Wayahudi wengi waliuza kwa bei ya kutupa ili walipe kodi ya kutoroka nchi, na hela zenyewe zikafungiwa benki wasizishike. Mauzo ya namna hiyo leo yanahesabiwa kama uporaji.

Bint Salum, kushtakiwa kwa kurithi ondoa hofu. Makubaliano ya Washington ya 1998, yale ya nchi 44 kuhusu picha zilizoporwa na Wanazi, hayana nguvu ya sheria na walengwa wake hasa ni makumbusho ya umma. Kwa mtu binafsi Ujerumani dai la kurudishiwa linakufa baada ya miaka 30, warithi wakienda mahakamani watagonga mwamba. Binafsi naona ni dhuluma, mtu aliyepoteza wazazi na nyaraka zote angedai saa ngapi? Marekani angalau mwaka 2016 walitunga sheria kwamba miaka 6 inaanza siku mrithi anapojua picha iko wapi. Maria Altmann, mrithi wa familia ya Kiyahudi ya Vienna, alianza kuwabana Austria akiwa ameshazeeka, akarudishiwa picha tano za mchoraji Klimt mwaka 2006.

Mawifi waambie hivi: picha ikishashukiwa kuwa iliporwa, kampuni kubwa za mnada hazitaigusa. Njia inayotumika sana ni kukaa na warithi mkakubaliana, aidha mnarudisha, au inauzwa kwa pamoja na hela inagawanywa kwa maandishi.

Bint Salum:
Asanteni sana. Mume kasoma hapa, kakubali isiuzwe kwanza. Wifi mkubwa kanuna ila hajakataa. Sasa nikipata jina la familia niwapigie mwenyewe?

Mkutubi:
Hapana dada, usikurupuke. Majina yanafanana na warithi wanaweza kuwa kumi kwenye nchi nne, ukimpa mmoja wengine wakiibuka mtakwama. Kile kituo cha Magdeburg kina dawati la msaada Berlin tangu 2020 kwa ajili ya kesi hizi, waandikie na picha za nyuma, na uliza wanavyosaidia watu binafsi kufanya utafiti. Na baba mkwe kama aliacha barua au albamu za babu zilizoandikwa tarehe za Ufaransa, ziweke mahali salama kabla nyumba haijasafishwa.

Bint Salum:
Albamu zipo darini. Kesho napanda.