Mrejesho: Picha ya babu na zeze lake

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nikate vipi picha niliyompiga babu kule Chamwino amesimama na zeze, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde: nibakize uso tu au nusu mwili? Wengi mlisema uso.

Nimejaribu vyote. Uso peke yake una nguvu kweli, kila kunyanzi linaonekana, lakini babu anageuka kuwa mzee yeyote yule. Zeze likitoka, Ugogo wote, yaani alama ya kabila la Wagogo, umetoka. Basi nimebakiza kuanzia katikati ya paja kwenda juu.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kutokata kwenye maungio. Picha ikiishia kwenye kifundo cha mkono ulioshika upinde, mkono unaonekana kama umepitiwa na panga. Sasa vidole vyote vimo. Juu ya kofia nimeacha upenyo kidogo. Kukata utosi kunapendeza kwenye picha ya uso, siyo hii.

Mengine yameamuliwa na fremu (mafundi wa picha watanicheka). Kamera inatoa umbo la 2 kwa 3, fremu niliyopata hapa Dodoma mjini ni inchi 8 kwa 10, kwa hiyo urefu lazima upungue. Nikapunguza chini, magoti yakaondoka. Pikseli (nukta zinazounda picha) zimetosha: saizi hiyo inataka 2400 kwa 3000 ukichapa pikseli 300 kwa inchi.

Shangazi bado anang'ang'ania uso. Nimemtolea yake ndogo ya albamu.